Uzio wa simba upo, wa mtoto uko wapi? Tathmini ya bustani ya wanyama pembezoni mwa Dodoma

Bustani yenyewe iko nje kidogo ya jiji, upande wa barabara ya Morogoro. Jina lake halitatajwa hapa, kwa sababu kasoro zinazofuata zinarekebishika na wenyewe wameshaoneshwa. Kiingilio ni shilingi 5,000 kwa mkubwa na 2,000 kwa mtoto, na shule zikija kwa kundi zinapunguziwa. Kuna simba wawili, fisi watatu, mamba kwenye bwawa la zege, nyani, mbuni, pundamilia, na kobe ambao watoto huwapenda kuliko wote kwa kuwa ndio pekee wanaoruhusiwa kuguswa. Vyoo ni visafi, vivuli vinatosha, maji ya kunywa yapo. Wanyama wamenawiri: manyoya hayajanyonyoka, maji yao hayana ukijani, simba wana mahali pa kujificha macho ya watu wakichoka. Kwa hayo yote bustani inastahili nauli ya kufika.

Tathmini hii inahusu jambo jingine. Mtoto wa miaka 3 akiamua kwenda kumsalimia simba, ni kitu gani kitamzuia? Na asipozuiwa, nani ajibu?

Mtoto anapoingia kwenye kizimba cha mnyama mkali, popote pale duniani, watu huuliza kwanza mama yake alikuwa wapi. Swali hilo ni halali, ila limewahi foleni. Linalotangulia ni hili: uzio ulikuwa na urefu gani, na mwanya wake ulikuwa sentimita ngapi? Mama ana macho mawili, pengine ana na mwingine mgongoni, na kuna dakika atainama kufunga kamba ya kiatu. Uzio hauinami.

Kwa simba

Kizimba cha simba kina nyuzio mbili, na hapo ndipo wageni wengi huridhika. Wa ndani, wa kumzuia simba, ni kazi nzuri: wavu wa kuchomelea wenye matundu ya milimita 50 kwa 50 na waya wa milimita 4, urefu mita 4, na juu umekunjwa kuelekea ndani kwa nyuzi 45 ili simba akiparamia akutane na paa linalomrudisha. Nguzo ni za chuma, zimesimikwa kwenye zege. Fundi aliyefanya kazi ile alijua anamjengea nani.

Wa nje, wa kumzuia mgeni, umejengwa na mtu aliyekuwa akimfikiria mgeni mwenye suruali na heshima zake. Ni fito tatu za mlalo, za bomba la inchi 2, zilizochomelewa kwenye nguzo. Fito ya chini iko sentimita 30 kutoka ardhini, ya kati 65, ya juu 105. Mtu mzima akisimama pale anaona kizuizi. Mtoto anaona ngazi yenye vidaraja vitatu, na asipotaka kupanda, chini kuna mlango. Mtoto wa miaka 3 ana kimo cha sentimita 95 hivi. Akitambaa kwa tumbo anapita chini ya fito ya kwanza bila kugusa chuma. Kazi hiyo ni ya sekunde tatu au nne.

Akishapita, yuko kwenye ukanda wenye upana wa mita 1.4 mahali palipo pembamba zaidi, kisha ni wavu. Tundu la milimita 50 halipitishi kiganja cha simba, lakini linapitisha kucha, na linapitisha mkono wa mtoto hadi juu ya kiwiko. Nyuzio mbili zina kazi mbili tofauti. Wa ndani humzuia mnyama asifike kwa watu, wa nje humzuia mtu asifike kwa mnyama. Hapa wa kwanza umepata alama karibu zote, wa pili umefeli.

Kipimo cha mwanya hakihitaji mhandisi. Chukua mpira wa kuchezea wenye kipenyo cha sentimita 10. Kila mahali mpira huo unapopita panahesabiwa kuwa wazi, kwa sababu hapo mtoto mdogo anaweza kupenyeza kiwiliwili, na kichwa kikigoma anabaki amening'inia shingo. Fito ziwe za wima. Zile mbili za mlalo zinazozishikilia, moja juu na moja chini, ziachane sentimita 110 au zaidi ili mguu usipate daraja la katikati. Urefu wote usipungue sentimita 120. Sentimita 105 zinamfaa mtu mzima wa kuegemea huku akila karanga.

Kuna ushahidi wa wazi kuhusu sentimita hizi. Tarehe 28 Mei 2016, kwenye bustani ya wanyama ya Cincinnati, Marekani, mvulana wa miaka 3 alipita kizuizi cha futi 3, yaani sentimita 91 hivi, akadondoka mita 4 na ushee ndani ya handaki la gorila. Gorila dume wa miaka 17, Harambe, alimshika na kumburuta kwa muda wa dakika 10 hivi kabla ya kupigwa risasi. Dunia nzima iligeukia kumlaumu mama. Mwendesha mashtaka wa eneo lile akaamua kutomshtaki. Wakaguzi wa serikali ya Marekani, walipomaliza kazi yao, walisema kizuizi ndicho hakikutimiza masharti. Bustani iliporudisha maonesho ilikuwa imepandisha kizuizi hadi sentimita 107, ikaziba chini kwa mbao nzito, ikaweka wavu wa kamba na kamera. Utetezi wao wa awali ulikuwa kwamba katika miaka 38 hakuna mgeni aliyewahi kupita. Meneja wa bustani yetu hii naye ana maneno yanayofanana: tangu tufungue hajapita mtu. Miaka 38 iliyopita salama haikuongeza hata sentimita moja kwenye kile chuma.

(Kwa kupitia tu: magorila watatu mashuhuri zaidi katika habari za watoto kudondoka wote wana majina yenye harufu ya Kiswahili. Jambo, wa kisiwa cha Jersey, mwaka 1986 alikaa kando ya mvulana wa miaka 5 aliyezimia na kumpapasa mgongo. Binti Jua, wa Brookfield karibu na Chicago, mwaka 1996 alimbeba mtoto wa miaka 3 hadi mlangoni kwa watunzaji, mwanawe mwenyewe akiwa mgongoni. Wa tatu ni Harambe. Wawili wa kwanza wamewafanya watu wengi waamini kwamba mnyama hujua mtoto ni mtoto. Usiweke uzio kwa imani hiyo, hasa kwa fisi.)

Bwawa la mamba, na mchanga wa Dodoma

Hapa ndipo tathmini inapaswa kukaa zaidi, kwa sababu kosa lake halionekani kwa macho ya haraka.

Ukuta wa bwawa ni wa matofali ya saruji, umepigwa plasta laini, hauna pa kukanyaga. Kwenye mchoro una sentimita 115. Upande wa magharibi futi kamba inasoma 115 kweli. Upande wa mashariki inasoma 88. Ukuta ni uleule, ila ardhi imepanda. Upepo wa Dodoma wa kuanzia Juni hadi Oktoba unasukuma mchanga na kuurundika kwenye kila kitu kilichosimama, na ukuta unaokabili upepo ndio unaomeza zaidi. Hakuna aliyebomoa kitu, na bado ukuta umepungua sentimita 27. Juu ya hapo kuna jabali dogo, la kupendeza, lenye kimo cha sentimita 40, nusu mita kutoka ukutani. Fundi aliliacha kama pambo. Mtoto akisimama juu ya jabali, ukuta unamfika kiunoni tu. Kanuni ni rahisi: ndani ya mita 1.2 kutoka kwenye kizuizi pasiwe na kitu cha kupanda, iwe jiwe, benchi, ndoo ya takataka, shina la mgunga lililoinama au kreti la soda.

Kosa la pili la bwawa ni kwamba ukuta ni mzima. Hauna dirisha. Mtoto haoni kitu ila plasta, wakati wakubwa wote wanaoneshana mamba. Anachofanya mzazi kinajulikana: anambeba, anamkalisha juu ya ukuta, anamshika kiunoni kwa mkono mmoja, mkono wa pili una simu. Siku ya Jumapili wakati wa kulisha, saa kumi jioni, karibu kila mzazi mwenye mtoto mdogo alifanya hivyo. Mlinzi alikuwepo, kijana mwenye adabu, akisema "mama, mshushe mtoto tafadhali," na "mzee wangu, hapo hapana." Walishusha, akageuka, wakapandisha wengine. Huwezi kushindana na ukuta unaomlazimisha mzazi kumbeba mtoto.

Mtoto mdogo ana kichwa kizito kuliko uwiano wa mwili wake, na uzito wake umekaa juu. Akikalishwa ukutani akaegemea mbele kuangalia, hapinduki polepole kama mtu mzima. Anakwenda mara moja, kichwa kwanza. Novemba 2012, kwenye bustani ya Pittsburgh, mtoto wa miaka 2 aliyenyanyuliwa na mama yake aone mbwa mwitu wa Afrika aliponyoka. Chini palikuwa na wavu, lakini ulikuwa umewekwa kwa ajili ya vitu vidogo vinavyodondoka. Ulimdundisha, akaangukia ndani. Mbwa walikuwa 11. Hakupona. Mama hakushtakiwa. Familia iliishtaki bustani na shauri likamalizwa kwa makubaliano nje ya hukumu.

Dawa ya ukuta mzima ni dirisha, wala si tangazo. Toboa sehemu nne, kila moja upana wa mita 1, kuanzia sentimita 50 hadi 100 kutoka ardhini, weka kioo cha tabaka mbili zilizogandishwa pamoja (kile kisichomwagika kikipasuka), na upande wa ndani chomelea fito za wima zenye mwanya usiozidi sentimita 9. Mtoto akiona mwenyewe, mzazi hana sababu ya kunyanyua. Kioo cha dirisha la nyumba hakifai hata siku moja.

Fisi, na kinachofanywa na mvua

Uzio wa wageni kwa fisi ni waya wa cheni linki, ule wa matundu ya umbo la almasi, tundu milimita 50. Ncha ya kiatu cha mtoto wa miaka 5 inaingia bila shida, kwa hiyo uzio wote ni ngazi. Tundu likishuka chini ya milimita 30 kiatu hakiingii tena. Kwa bei, wavu wa tundu dogo ni ghali zaidi kwa sababu una waya mwingi, na ndiyo maana wengi hununua ule mkubwa.

Kibaya zaidi kiko chini. Mvua za Dodoma ni chache lakini huja kwa kishindo kati ya Desemba na Aprili, na udongo wetu huchimbika upesi. Upande wa kusini maji yamefungua kikorongo chini ya uzio, mwanya wa sentimita 24 kwenda chini. Fisi hafiki hapo kwa kuwa wake wa ndani umezikwa vizuri, lakini mtoto anafika kwenye ukanda wa kati bila kupanda chochote. Kuziba kwa kifusi ni kazi bure, mvua ya pili inakiondoa. Laza wavu chini, mita 1 kuelekea nje, uufunge kwenye uzio kwa waya, upange mawe juu yake, kisha uyapeleke maji pengine kwa mtaro. Na mtu apite na futi kamba baada ya kila mvua kubwa, si mara moja kwa mwaka.

Kwa mbuni na pundamilia nguzo ni za mbao. Mchwa wa huku hula nguzo kuanzia pale inapoingia ardhini, juu ikabaki inang'aa. Choma kwa bisibisi usawa wa udongo. Ikizama sentimita 2 bila nguvu, nguzo hiyo imebaki jina. Kati ya nguzo kumi zilizojaribiwa upande wa njia, tatu zilikuwa hivyo. Mbuni anaonekana kama kuku mkubwa, lakini teke lake linakwenda mbele na lina ukucha. Asichukuliwe kama mnyama wa kupigia picha.

Kwa nyani, hatari ya kila siku ni mkono wa mtoto wenye ndizi. Jeraha la nyani, hata mchubuko, lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa na pepopunda. Bustani ina bomba karibu, sabuni haipo. Sabuni ya kipande haizidi shilingi elfu chache.

Waya wa umeme

Kwa ndani ya kizimba cha simba kuna nyaya mbili za umeme wa kustua. Watu huziamini kuliko zinavyostahili. Mfumo huu hufanya kazi kwa umeme kupita mwilini mwa mnyama, kushuka ardhini na kurudi kwenye mashine kupitia fimbo za ethi, yaani vyuma vilivyozamishwa udongoni. Ardhi kavu ni njia mbovu ya kurudishia umeme, na kuanzia Mei hadi Novemba ardhi ya Dodoma ni kavu kama kigae. Ndiyo maana uzio unaostua vizuri mwezi Februari unaweza kuwa mapambo mwezi Septemba, mashine ikiendelea kulia tik, tik kana kwamba mambo ni shwari. Hapa kuna fimbo moja tu ya ethi, ya mita 1. Ziwe tatu, za mita 2 kila moja, ziachane mita 3, na zimwagiliwe maji wakati wa kiangazi. Au nyaya zipishane, moja ya moto na moja ya ethi, ili mnyama akigusa zote mbili asitegemee udongo. Kipimo kwenye waya kikishuka chini ya volti 3,000, hesabu kwamba simba ameshajua. Betri ya akiba ipo, na imepimwa: hilo wamefanya sawasawa, maana umeme wa gridi haukati kwa ratiba ya simba.

Mlango wa nyuma

Watu wote hukagua uzio wa mbele. Nyuma ya vizimba kuna njia ya watunzaji, na kwenye ziara ya Jumapili geti la njia hiyo lilikuwa limewekewa ndoo lisijifunge, kwa kuwa nyama zilikuwa zinapitishwa. Kutoka kwenye geti hilo hadi mlango wa chumba cha kulala simba ni hatua 14. Mlango una kufuli moja. Utaratibu unaotakiwa ni milango miwili yenye chumba kidogo katikati, wa pili usifunguliwe mpaka wa kwanza ufungwe, na geti la njia liwe na springi ya kulirudisha lenyewe na komeo lililo juu ya mita 1.5, mtoto asilifikie. Ndoo ile ni kosa kubwa kuliko fito zote tatu za mbele.

Akiingia, nini kinafuata

Kwenye ofisi ya bustani kuna karatasi ya dharura ukutani. Ina mistari sita na namba za simu, mbili kati ya hizo haziiti. Mpango unaofaa huenda hivi. Anayeona kwanza anatoa tamko moja lililokubalika kwenye redio za upepo, akitaja kizimba. Wageni wanaondolewa kimya, kwa sababu makelele humchanganya mnyama na humfanya ashike zaidi alichoshika. Mtunzaji anayemlisha anapiga ishara ambayo simba ameizoea, filimbi au sufuria, na mlango wa chumba cha ndani unafunguliwa huku nyama ikiwekwa. Ishara hiyo ifanyiwe mazoezi kila siku ya kulisha, ili siku ya shida isiwe ngeni. Sambamba na hilo, askari mwenye bunduki anakaa mahali palipopangwa mapema, penye mstari usio na watu nyuma ya mnyama. Mtu mmoja tu, aliyeandikwa jina, ndiye mwenye amri ya kupiga, na kuna msaidizi wake siku asipokuwepo.

Sindano ya usingizi haitoshi. Dawa huchukua dakika kadhaa kumlaza mnyama mkubwa, na mchomo wenyewe humghadhabisha. Kuwa nayo ni vizuri kwa daktari wa mifugo. Kuitegemea wakati mtoto yuko ndani ni kucheza. Bustani hii inategemea sindano, na daktari anakaa mjini.

Zimamoto na Uokoaji ni 114, polisi 112. Namba hizo ziandikwe kwenye kila kizimba, sio ofisini peke yake.

Sasa, nani ajibu?

Langoni kuna bango: "Unaingia kwa hatari yako mwenyewe. Uongozi hautahusika." Mtoto wa miaka 3 hasomi, na hata angesoma hawezi kukubali hatari kwa niaba yake. Bango hilo linamsaidia mwenye bustani kwa mtu mzima aliyeruka uzio akipiga picha, tena kidogo. Kwa mtoto halimsaidii.

Mnyama wa porini anayefugwa ana kanuni yake ya zamani katika sheria ya kawaida, ile ya maamuzi ya mahakama, tuliyoirithi kutoka Uingereza, ambayo bado inatumika nchini pale sheria zetu zisipotamka vingine: anayemfuga simba anawajibika kwa madhara ya simba hata kama alichukua tahadhari, kwa sababu hatari yenyewe kaileta yeye. Kwa mbwa wa nyumbani mdai huthibitisha kwamba mwenyewe alijua ni mkali. Kwa simba hakuna anayeruhusiwa kusema hakujua. Na mahakama ya juu ya Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1920, katika shauri la mtoto wa miaka 7 aliyekula matunda ya sumu kwenye bustani ya mimea ya Glasgow, ilikubali kwamba anayeweka mbele ya watoto kitu cha kuwavutia hawezi kujificha nyuma ya kusema mtoto hakuruhusiwa kukigusa. Simba anavutia kuliko tunda.

Kwa jinai, Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 233, kinamgusa mtu anayeshindwa, kwa uzembe, kuchukua tahadhari dhidi ya hatari inayoweza kutokana na mnyama aliye mikononi mwake. Bustani kama hii huendeshwa kwa leseni chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, na TAWA, mamlaka ya serikali ya wanyamapori, ndiyo yenye usimamizi. Leseni lakini haimpokonyi mwenye bustani wajibu wake.

Mzazi naye hayuko huru. Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 9, inamtaka amlinde mtoto dhidi ya hatari za kimwili, na asipokuwepo ahakikishe mtoto yuko na mtu anayemudu. Mpaka wake unaonekana vizuri kwenye mifano ya nje. Mama wa Cincinnati aligeuka, mtoto akachomoka: hakushtakiwa. Mama wa Cleveland, Aprili 2015, mtoto wake wa miaka 2 aliangukia kwa duma baada ya kuning'inizwa juu ya kizuizi: alifikishwa mahakamani. Baba wa San Diego, Machi 2021, aliingia mwenyewe kwenye eneo la tembo na mtoto wa miaka 2 mikononi, akikusudia picha: alikamatwa. Kugeuka ni ubinadamu, na uzio umewekwa kwa ajili ya dakika hiyohiyo. Kumvusha mtoto kizuizi kwa mikono yako ni kitu kingine kabisa.

Hata hivyo uzembe wa mzazi haupunguzi haki ya mtoto mwenyewe ya kudai fidia. Mwenye bustani anaweza tu kumgeukia mzazi wachangie. Muda wa kufungua madai ya namna hii ni miaka 3, ila kwa mtoto hauanzi kuhesabiwa mpaka afikishe 18. Na mtoto wa chini ya miaka 10 hana jinai, kwa hiyo wale wanaosema "mtoto mtundu" waachane na hilo.

Walimu wanaokuja na wanafunzi, siku hizi hata kwa treni ya SGR kutoka Morogoro na Dar es Salaam, wanabeba nafasi ya mzazi kwa saa hizo. Basi la watoto 60 wa chekechea na walimu watatu halifai kuingia. Kwa umri huo mkubwa mmoja kwa watoto 6, kwa darasa la tatu kwenda juu mmoja kwa 10, na kila kundi lipewe mkubwa wake kwa jina kabla ya kushuka kwenye basi. Epukeni saa ya kulisha: msongamano huwasukuma wadogo mbele kabisa, na wakubwa hawaoni miguu yao. Bustani nayo ilipaswa kukataa kundi lisilotimia. Haikatai.

Kinachotakiwa kununuliwa

Uzio wa wageni kwa simba una mita 24 upande wa njia. Ukitumia skwea paipu ya milimita 20 kwa fito za wima, mwanya sentimita 9, unahitaji fito 218 za mita 1.2. Paipu ya mita 6 inatoa vipande 5, kwa hiyo paipu 44. Zipimeni dukani kabla ya kulipa: nyingi sokoni ni za mita 5.8, zinatoa vipande 4 na kipande cha kutupa, na hesabu inapanda hadi 55. Nguzo zilizopo zibaki. Fito za zamani za katikati zikatwe, ya juu ipandishwe hadi sentimita 120, ya chini ishushwe hadi 8. Mafundi wawili wa kuchomelea wanamaliza ndani ya wiki, rangi ya kuzuia kutu ikiwemo.

Mpaka hapo itakapofanyika: kwa kobe, kwa mbuni (mkisimama mbali), na kwa simba ukiwa umemshika mtoto mkono, nendeni bila wasiwasi. Bwawa la mamba litazameni kutoka upande wa magharibi tu, na mtoto abaki chini. Kundi la shule lisiende kwa fisi.

Mchanga wa upande wa mashariki wa bwawa haumsubiri fundi. Makoleo mawili na toroli, asubuhi moja, na zile sentimita 27 zinarudi.